Kabla Kidonge Hakijaanza Kazi

Fluoksetini, dawa ya sonona, haina haraka. Mgonjwa wa sonona, yale maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, akiimeza leo, usingizi na hamu ya kula huenda vikaanza kurudi baada ya wiki moja au mbili, lakini moyo wenyewe unaweza kuchukua wiki nne, wakati mwengine sita, kabla haujaanza kuinuka. Amitriptilini, dawa nyengine ya sonona, nayo ndiyo hivyo hivyo. Kinachoudhi ni kuwa madhara yake hayana subira hiyo. Kichefuchefu, kichwa kuuma, kinywa kukauka, choo kuwa kigumu, kizunguzungu mtu akiinuka ghafla: haya huja siku za mwanzo kabisa. Kwa hivyo mtu aliyekuja akiwa hajiwezi tunampa kitu kitakachomsumbua leo, tunamwahidi nafuu ya mwezi ujao, kisha tunamtazama akipanda gari ya Konde kurudi kwao.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, kaskazini ya Pemba, na kazi yangu, ukitoa ile ya kujaza mafaili, ni hizo wiki za katikati. Dakta keshaandika dawa na kaondoka, na dawa bado haijashika. Aliyebaki na mgonjwa ni mama yake, au wifi yake, au mume asiyejua afanye nini na mke asiyenyanyuka kitandani. Nimeshaona dozi iliyopangwa vizuri ikiishia juu ya kabati kwa sababu hakuna aliyewaambia watu wa nyumbani kwamba mwanzoni mgonjwa atajisikia vibaya zaidi. Waliona dawa inamzidishia, wakaificha. Siwalaumu. Kwa walichokiona kwa macho yao, walifanya la maana.

Kisiwani kwetu mgonjwa wa akili anayejulikana ni yule anayepiga kelele sokoni. Huyo hukamatwa, hufungwa kamba, na akishindikana huvushwa bahari hadi Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoko mjini Unguja. Jina hilo limeshakuwa tusi. Watoto wa skuli hutupiana. Mtu wa sonona hapigi kelele. Amekaa kimya chumbani, hamsumbui mtu, na kwa kuwa hamsumbui mtu hahesabiwi kuwa mgonjwa. Ataitwa mvivu. Akiwa mwanamke ataambiwa ana shetani, akiwa mwanamme ataambiwa kalogwa biashara yake. Na wapo watakaomwambia, tena kwa nia njema, kwamba imani yake imepungua.

Wengi wao hawaji kwangu moja kwa moja. Huja kliniki ya presha, au kwa mchukua damu, na mashitaka yao ni ya mwili: kichwa kinawaka moto, kifua kizito, kuna vitu vinatembea mwilini, mgongo, viungo, nguvu hakuna. Wamepimwa malaria mara nyingi hata wamechoka kuchomwa vidole. Hapo muuguzi asikimbilie kusema "hii ni akili". Kwanza damu, kwa sababu mama aliyepungukiwa damu huchoka na kukata tamaa vile vile, na kuna maradhi ya tezi ya shingo yanayofanana na sonona kabisa. Kisha uulize nyuma: umewahi kupata siku ambazo hukulala, ukawa na nguvu kupita kiasi, ukanunua na kugawa, ukazungumza bila kituo? Swali hili watu hulisahau. Mwenye maradhi ya hisia kupanda na kushuka akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kuruka kutoka kitandani hadi juu ya paa.

Tunalo dodoso la maswali tisa la kupimia sonona, lililochapishwa Marekani mwaka 2001, linalotumika duniani kote. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita na alama zake ni kutoka 0 hadi 27; kuanzia 10 kwenda juu unakaa sawa na kusikiliza vizuri zaidi. Ni chombo kizuri, lakini ukimsomea bibi wa Kojani kama lilivyoandikwa atakujibu "hapana" mara tisa ili umwache aende zake. Swali la kwanza ni la kupoteza hamu ya mambo. Mie huuliza, "Bi, harusi ya juzi ulikwenda?" Mwanamke wa Pemba asiyekwenda shughulini, na hana mgonjwa wala eda, ana jambo. Kwa usingizi huuliza kama anaamka kabla ya adhana ya alfajiri na hapati tena usingizi. Kwa kukosa umakini, swali ambalo halijaniangusha ni hili: "Ukisali, unajua uko rakaa ya ngapi?" Wengine hulia hapo hapo. Walikuwa wakirudia sala moja mara kadhaa na wakidhani ni shetani anawachezea, na hakuna waliyemwambia.

Swali la tisa ni la kifo, na wauguzi wengi hulikwepa. Kujiua ni haramu na ni aibu, basi tunaona ukimwuliza mtu utampandia wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti wa miaka mingi unaonesha sivyo. Mwenye wazo hilo hupumua anapopata wa kumwambia, na asiyekuwa nalo husema hapana mambo yakaendelea. Mie huanza mbali kidogo: "Umefikia kutamani bora Mungu akuchukue?" Akikubali, sisimami hapo. Naingia ndani zaidi, kwa sauti ile ile niliyoulizia chakula: umefikiria kujidhuru mwenyewe? Umefikiria vipi? Lini? Kitu chenyewe unacho nyumbani? Anayejibu kwamba anacho na siku ameshaipanga halali peke yake usiku huo, na harudi nyumbani bila mtu mzima aliyeelezwa waziwazi. Siri ya mgonjwa naiheshimu sana, lakini hii siwezi kuibeba peke yangu na namwambia hivyo usoni kwake.

Kuna mahali pawili ambapo maradhi haya hujificha vizuri kuliko pengine popote, na pote pawili ni ndani ya ada zetu wenyewe.

Pa kwanza ni eda. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato. Hakuna atakayeshangaa akiwa kimya, akikonda, akiangalia ukuta. Huzuni ni haki yake. Lakini mfiwa wa kawaida, ukimsimulia kichekesho cha marehemu, hucheka kisha analia, na anachokililia ni yule aliyeondoka. Mwenye sonona hujililia mwenyewe: yeye ndiye mwenye makosa, yeye ndiye hafai, na hata akiletewa mjukuu mapajani hasikii kitu. Mfiwa simpi vidonge kwa sababu tu analia. Wa pili nisipomwona atatoka eda na hatatoka chumbani. Pemba tuna waliofiwa kwa njia ngumu zaidi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitokea Unguja kuja huku, na zipo familia ambazo hazikupata maiti ya kuosha. Kumwuguza mtu ambaye hajapata kaburi la kuzuru kunataka subira ya aina nyengine. Ukimwambia "yasahau hayo, miaka imepita" umeufunga mlango kwa mkono wako.

Pa pili ni arubaini ya uzazi. Mzazi yumo ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, kazi zote kafanyiwa. Utaratibu mzuri kabisa. Kuna nchi tajiri ambazo mama hutoka hospitali na mtoto wake na hakuna hata jirani anayegonga mlango. Lakini kwa kuwa hatarajiwi kufanya lolote, hakuna anayegundua kwamba hawezi kufanya lolote. Kulia siku chache baada ya kujifungua kunawapata kina mama wengi na huisha kabla ya wiki mbili. Kilio kikipita hapo uliza. Kipimo changu ni usingizi: mtoto amelala, bibi kamchukua, chumba kina kiza, na mama bado macho yako juu ya dari. Au anamnyonyesha kama anayetimiza amri. Akianza kusikia sauti, au kusema kwamba mtoto huyu si wake, kabadilishwa, hiyo si kazi ya kungojea arubaini imalizike. Ni hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa anayenyonyesha, fluoksetini huepukwa ikiwezekana, kwa kuwa hudumu mwilini muda mrefu na hupita kwenye maziwa. Dakta huchagua nyengine.

Watu wa kandoni huniuliza kama nagombana na waganga. Sina muda huo. Mgonjwa akinywa kombe la zafarani, akisomewa, akifukizwa udi, mie sina neno. Mara nyingi huyo anayemsomea ndiye mtu pekee aliyemkalia saa nzima bila kumwambia ajikaze. Masharti yangu ni matatu na nawaambia wote wawili mbele ya mwenzake: asifungwe, asipigwe, asikatazwe kula wala kumeza dawa. Waganga wazee wengi wanakubali. Wapo wanaonitumia wagonjwa siku hizi, na nawashukuru. Wa kuogopa ni wale wa kisasa wanaotoza pesa nyingi kwa simu.

Na hili la imani iliyopungua, silijibu kwa vitabu vya uuguzi. Nauliza: Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni ya Yusuf, imo ndani ya Qur'ani, je imani yake ilipungua? Na Mtume mwenyewe, mwaka aliofiwa na Bi Khadija na Abu Talib unaitwa mwaka wa huzuni, na alikuwa akiomba kinga kwa Mungu kutokana na wasiwasi na huzuni. Hapo mzee aliyekuja na binti yake ameinamisha kichwa hukiinua. Nafikiri sentensi hizo zimemezesha vidonge vingi kuliko maelezo yangu yote ya kemikali za ubongo.

Sasa hizo wiki zenyewe. Muuguzi wa Marekani, Hildegard Peplau, aliandika mwaka 1952 kwamba uhusiano baina ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya tiba yenyewe, wala si adabu tu ya kumsindikizia dawa. Nilipomsoma nikiwa mwanafunzi niliona ni maneno ya watu wenye wafanyakazi wengi. Siku hizi naona alikuwa akieleza kazi ya nyumbani kwetu. Kaa naye. Usimchangamshe. Aliyezama hataki kuchekeshwa, na kila ukimwambia "mbona Mungu kakupa watoto wazuri" anaongeza dhambi nyengine kwenye hesabu yake: hata watoto wazuri siwashukuru. Sema "niko hapa", kaa robo saa, nyamaza, ondoka, na urudi saa uliyosema utarudi. Hilo la mwisho ndilo gumu na ndilo linalotibu.

Halafu mwili. Aoge, hata kama ni kuogeshwa. Ale kidogo kidogo: uji, samaki wa kuchemsha, embe, chochote, maana sahani kubwa ya wali inamtisha. Anywe maji mengi kama yuko kwenye amitriptilini, na akiinuka kitandani aketi kwanza, kisha ndiyo asimame. Aamke saa ile ile kila siku. Mchana asilale chumbani. Atolewe uani penye mwanga.

Kazi ndogo zina nafasi yake, nazo tusingoje hamu irudi ndipo zifanywe. Hamu huja baada ya mkono kuanza. Kwa wanawake wetu ukili, ule mkanda wa kusuka unaoshonewa jamvi, umenisaidia sana. Simwambii asuke jamvi. Namwambia shubiri moja ya ukili leo, basi, nami nikija nitaitazama. Mikono imeshajua yenyewe, haihitaji akili iliyochoka. Msimu wa karafuu ni bora zaidi, kwa sababu jioni nyumba nzima inakaa kuchambua, na aliyekaa kimya hatofautiani na wengine. Anatenga karafuu na makonyo, vile vijiti vyake, watu wanazungumza pembeni yake, hakuna anayemwuliza kitu. Kwa wanaume ni shida kidogo. Mvuvi mwenye sonona huja kama hasira, au kama mtu aliyeacha kwenda baharini na analala mchana kutwa kwenye benchi la dukani. Huyo mie humtafutia rafiki wa dauni, mmoja tu, amchukue kushona nyavu pwani. Kumrudisha majini mapema sipendi, hasa akiwa peke yake.

Ndugu wanaosoma hapa wasipitie haraka sehemu hii. Dawa ikianza kushika, nguvu za mwili hurudi kabla ya matumaini. Mtu aliyekuwa hawezi hata kufunga mlango sasa anatembea, anaoga, anafua, nyumba nzima inamshukuru Mungu, na ndani yake bado anaamini ulimwengu utakuwa mwepesi bila yeye. Ulinzi huwa umelegea siku hizo hizo. Ukimwona ametulia ghafla baada ya mateso mengi, anagawa vitu vyake, anaomba radhi watu mmoja mmoja, usifurahi peke yako. Mwulize, na niite. Kwa sababu hiyo sitoi dawa ya mwezi mzima kwa mwenye mawazo hayo. Natoa ya wiki, na inakaa kwa mtu mwengine, kabati limefungwa, ufunguo kiunoni. Amitriptilini nyingi kwa pamoja huua moyo. Dawa za shamba na za panya nazo zitoke nyumbani. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali za mashamba, hesabu ya watu wanaojiua ilishuka sana, na hakuna aliyewapa hotuba ya furaha.

Zimbabwe wana mpango ulioanza mwaka 2006 na daktari Dixon Chibanda: mabibi waliofunzwa wanakaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya mjini Harare na kuzungumza na wenye mawazo, na utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionesha unasaidia. Kila anayetutembelea hututazama baraza zetu na kusema, mbona hapa mnayo tayari! Hapana. Baraza ya Pemba ina masikio. Anayekaa kwako kuzungumza ni shangazi wa mtu, na kabla ya adhuhuri habari iko Wete. Mabibi tunao, na wana busara. Tatizo ni kiti kiwekwe wapi. Wazo langu ni nyumbani kwa bibi mwenyewe, kwa kisingizio chochote, kununua kungumanga au kupelekewa mtoto akandwe. Mwenyewe nikienda ziara ya nyumbani sivai sare. Nakwenda na buibui langu na kijikapu, kama mtu aliyekuja kuhani au kupongeza, na jirani akiuliza naitwa jamaa wa Chake.

Ramadhani inataka mpango mapema, si usiku wa kuonekana mwezi. Fluoksetini ni mara moja kwa siku, basi itamezwa daku. Amitriptilini baada ya tarawehe, mtu akiwa keshafuturu na kunywa maji. Ambaye hali yake haijatulia hafungi, naye maalim wa mtaa akimwambia hivyo ni bora kuliko nikimwambia mimi, kwa hivyo mie humwendea maalim kabla. Hatari kubwa ni wanaosema "nitaacha mwezi huu, nianze tena Mfunguo Mosi". Dawa hizi hazikatwi ghafla. Na swali la "mpaka lini?" nalijibu siku ya kwanza, wasije wakadhani nimewaficha: tangu siku mgonjwa aliporudi katika hali yake, hesabuni miezi tisa hadi kumi na mbili, kisha tutapunguza taratibu. Wengi huacha mgonjwa akianza tu kucheka. Ninawaelewa, nauli ya gari ni pesa, na aliyepona anaonekana kapona.

Anayeuguza naye ana mwili. Kwenye daftari langu, chini ya jina la mgonjwa, kuna mistari ya majina ya walio nyumbani, na mbele ya kila mmoja usiku wake. Karibu nyumba zote usiku wote saba huwa umeandikwa jina moja, la dada mkubwa au mama. Nyumba moja ya huko Mtambwe dada alikuwa hajalala vizuri tangu mdogo wake aanze kuugua, na macho yake yalinitia wasiwasi kuliko ya mgonjwa. Nikamwuliza ana kaka. Anao, alisema, lakini wanaume hawajui kuuguza. "Mwite," nikamwambia, "tutamfundisha." Kaka akaja jioni na mto wake kwapani, amenuna, akapewa Alhamisi na Ijumaa. Nilipokuwa nafunga mkoba akanifuata hadi mlangoni akaniuliza kama kidonge kinamezwa kabla ya chakula au baada yake, na kama mgonjwa akikikataa amlazimishe. Nikamwambia baada ya chakula, na asimlazimishe. Akae, ajaribu tena baada ya nusu saa, na akishindwa anipigie hata kama ni usiku.